Safu Tatu za Idi

Mwaka wa pili wa vita vya Mdachi na Mwingereza, Ramadhani iliangukia katikati ya kiangazi, na pale Nkwenda hapakuwa na mtu aliyeingoja Idi kama Zubeiri. Wengine waliingoja nyama. Yeye aliingoja safu za watu.

Zubeiri alikuwa na duka la chumvi na nguo, nyumba ya udongo yenye baraza fupi kando ya njia iendayo mto Kagera. Baba yake alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja bara na msafara akakaa Kafuro, enzi zile wafanyabiashara wa pwani walipokuwa na mji wao huko, jirani na kwa Omukama, mfalme wa Karagwe. Mama yake alikuwa Mnyambo, mwenyeji wa nchi ile. Baba alipofariki, Kafuro yenyewe ilikuwa imeshakwisha, nyumba zimeanguka na watu wametawanyika. Zubeiri akahamia Nkwenda na mguu mbovu, maana funza walimla vidole vitatu vya mguu wa kulia katika ujana wake, na daftari la baba yake lenye khutba mbili za Idi zilizonakiliwa kwa mkono. Sheikh hakuwa, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Alijua sura fupi fupi, alijua kuchinja, alijua kuosha maiti, na zile khutba mbili. Lakini kwa mwendo wa siku nyingi hapakuwa na aliyejua zaidi, basi watu wakamwita mwalimu.

Idi ya kwanza aliyoswalisha pale, nyuma yake walisimama watu wanne. Miaka ikaenda. Wakaja wapagazi walioachwa na misafara kwa sababu ya maradhi. Wakaja waliokuwa watumwa wa Waarabu wa Kafuro, ambao bwana zao walikufa wakabaki hawana bwana wala kwao. Wakaja vijana wa Kinyambo waliofanya kazi madukani, wakaipenda kanzu kwanza na swala baadaye. Mwaka mmoja kabla ya vita, uwanja wa nyuma ya duka ulijaa safu tatu. Zubeiri alipotoa salamu na kugeuka, machozi yalimtoka, akajifanya amepatwa na vumbi.

Vita vilipoingia, safu zikavunjika. Huko mtoni palikuwa na kambi ya askari, na kambi ilitaka watu wa kubeba unga, risasi na majeruhi. Waliochukuliwa mara ya kwanza waliambiwa ni kazi ya wiki mbili. Hawakurudi. Tangu hapo wanaume wakawa wanakaa kwenye mafunjo ya bondeni, wengine wakakimbilia misitu ya upande wa Rugera, na wake zao waliwapelekea ndizi zilizochemshwa, kila mmoja kwa njia yake asifuatwe. Ramadhani yote Zubeiri aliswalisha tarawehe na wazee wanne ambao hata Mdachi hakuwataka.

Siku tatu kabla ya Idi, alasiri, shaush wa kambi, mkuu wa kikosi cha askari, akaja dukani. Aliitwa Abdulghani, Mmanyema wa Ujiji, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Aliwaacha askari wake wawili njiani, akapanda barazani peke yake, akatoa salamu kama inavyotolewa, akaomba maji ya udhu. Waliswali pamoja juu ya mkeka mmoja. Zubeiri alimtanguliza shaush, na baada ya swala mgeni akasoma dua kwa matamshi yaliyonyooka, mazuri kuliko ya Zubeiri mwenyewe, hata Zubeiri akasahau kwamba mtu huyu ndiye ambaye wanawake wa Nkwenda walilitaja jina lake kwa kunong'ona.

"Idi mnaswalia wapi?" Shaush aliuliza akivaa viatu.

"Hapo nyuma, uwanjani."

"Mnajaa?"

"Zamani tulijaa. Mwaka juzi zilitimia safu tatu." Zubeiri alisema hivyo kwa sauti ambayo baadaye aliikumbuka kwa aibu. "Sasa watu wamejificha, shaush. Wanawaogopa ninyi."

Shaush aliangalia chini akifunga kamba za viatu. "Nina askari kumi na wawili Waislamu. Hawajaswali nyuma ya imamu tangu mwaka jana. Waite watu wako. Siku ya Idi mtaswali, na hapana atakayewaingilia. Nakupa neno langu."

"Neno la Mwislamu?"

"La Mwislamu," akasema shaush, akashuka barazani.

Mwaja, mke wa Zubeiri, alikuwa ameyasikia yote kutoka chumba cha ndani. Alitoka na ungo wa ulezi mkononi, akakaa kizingitini.

"Baba Adija," akasema, "waache watu walipo. Mungu anawasikia hukohuko mafunjoni."

"Idi huswaliwa pamoja."

"Najua huswaliwa pamoja. Nakwambia waache."

"Umesikia ameapa."

"Nimemsikia." Mwaja alipepeta ulezi mara mbili tatu. "Wewe unataka safu zako, Baba Adija."

Maneno yale yalikuwa kweli, lakini Zubeiri aliona si dhambi kuzitaka safu. Kesho yake aliteremka bondeni kwa mguu wake mbovu, akapita ukingoni mwa mafunjo akiita majina. Hakuna aliyeitika, lakini alijua wanasikia. Aliyataja maneno ya shaush kama yalivyosemwa. Kwa waliokuwa upande wa Rugera alituma habari kupitia wake zao.

Jioni ile Asia akaja dukani. Huyu alikuwa mke wa Shaaban, mwanamke wa Kinyambo wa kijiji cha jirani, aliyesilimu alipoolewa. Shaaban alinunuliwa utotoni, akalelewa Kafuro, hakujua alikotoka wala jina aliloitwa na mama yake. Watu wa uwanja ule ndio waliokuwa ndugu zake. Asia alikuwa na binti yao mdogo mgongoni, amelala.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Asia. Habari za huko?"

"Nzuri. Shaaban amenituma. Anauliza kama ni kweli."

"Ni kweli. Shaush mwenyewe amekaa hapa ulipo."

Asia alimsogeza mtoto mgongoni. "Mimi mambo ya dini sijayajua sana, mwalimu. Yeye amesema, ukisema aje, atakuja. Ukisema abaki, atabaki. Basi nataka nisikie kwa kinywa chako."

Zubeiri alikuwa anafunga chumvi kwenye kigubi, ganda kavu la mgomba. Alimaliza kufunga, akakaza kamba. "Aje," akasema.

"Aje na kanzu?"

"Aje na kanzu."

Mwezi uliandama siku ya tatu, mwembamba, juu ya vilima vya magharibi, na asubuhi watu wakatoka. Walitoka kwenye migomba mmoja mmoja, nywele ndefu, kanzu zina makunyanzi na harufu ya moshi, wakishikana mikono kama watu waliotoka safari ya mbali. Kila mmoja alileta kibaba chake cha ulezi cha fitri, hata wale ambao Zubeiri alijua nyumbani kwao hapakuwa na zaidi ya hicho. Upande wa jikoni wanawake walikuwa wamebandika vyungu viwili vya nyama ya mbuzi na kimoja cha ndizi. Takbira ilianzishwa na mzee mmoja wa sauti mbovu, ikapokelewa, na ilipopokelewa mara ya pili Zubeiri alisikia mwili unamsisimka.

Askari walikuja jua lilipopanda kimo cha mkuki. Watu wakanyamaza. Lakini askari waliziegemeza bunduki zao pembeni, wakavua viatu, wakatawadha kwa zamu kwenye mtungi, na wakajipanga nyuma kabisa, safu ya nne. Wawili tu walibaki na silaha, na shaush akasema hao ni walinzi wa bunduki. Watu wakapumua. Zubeiri alitazama safu nne na akafikiri kwamba baba yake hata Kafuro hakuwahi kuziona.

Aliswalisha rakaa mbili, takbira saba kwa tano, hakukosea hata moja. Kisha akageuka, akafungua daftari, akaanza khutba. Watu walikaa chini kwenye majani wakimtazama yeye. Alisoma khutba ya kwanza, akakaa kidogo kama inavyotakiwa, akasimama kwa ya pili. Aliponyanyua macho kutoka kwenye daftari aliona safu ya nyuma imesimama.

Hapakuwa na mtu mwingine aliyeiona. Watu wote walikuwa wamewapa askari mgongo. Askari walikwenda bila viatu hadi kwenye bunduki, wakazichukua, wakatawanyika kuuzunguka uwanja, hawakutoa mlio hata wa jani. Shaush alisimama katikati yao, mikono nyuma. Alipoona Zubeiri amenyamaza, alimtikisia kichwa taratibu kumwambia aendelee.

Na Zubeiri akaendelea. Jambo hili aliulizwa na wengi baadaye, na zaidi alijiuliza mwenyewe. Angeweza kupiga kelele wakimbie. Alizifikiria bunduki kumi na mbili, akamfikiria Shaaban katika safu ya kwanza, kanzu imefuliwa, uso umeinuka kama mtu anayeota moto. Alifikiri, wakikimbia watapigwa. Alifikiri tena, wasipokimbia je? Huku anafikiri, kinywa chake kilikuwa kinasoma. Alifika kwenye dua. Aliomba mvua, aliomba afya, aliomba amani kwa Waislamu, na kila aliposita watu waliitikia amina kwa moyo, na sauti zao zilimpiga kifuani. Daftari likaisha.

"Kaeni hivyohivyo," shaush akasema kwa nyuma yao. "Asiyeinuka haumizwi."

Mtu mmoja aliinuka. Kitako cha bunduki kikamrudisha chini. Baada ya hapo hakuna aliyeinuka, na kamba zikatolewa kwenye mfuko uliokuwa umewekwa kando ya viatu tangu asubuhi.

Zubeiri alichechemea mpaka mbele ya shaush, daftari bado liko wazi mkononi. "Ulinipa neno lako," akasema.

"Nilikwambia mtaswali na hapana atakayewaingilia. Mmeswali. Nimengoja mpaka dua."

"Abdulghani, wewe ni Mwislamu."

Shaush alimtazama bila hasira. "Bwana wa kambi anataka watu ishirini na wanne kabla ya jua kuchwa. Nisipowapeleka, nalazwa chini mimi, viboko ishirini na tano, mbele ya askari wangu. Hiyo ni mara ya kwanza. Mara ya pili sijui. Wewe ungefanyaje, mwalimu? Niambie nifanye hivyo."

Zubeiri alilifunga daftari. "Nichukue mimi badala ya mmoja wao," akasema.

Shaush aliuangalia ule mguu. "Wewe hufiki hata mtoni," akasema, na alivyolisema ilikuwa karibu na huruma, jambo lililokuwa baya zaidi.

Wanawake walikuwa wamefika ukingoni mwa uwanja na masinia ya chakula. Shaush akawaruhusu. Basi Idi ikaliwa hivyo: wanaume wamefungwa mikono mbele, wake zao wanawatia nyama mdomoni. Asia alimlisha Shaaban polepole, akimfuta mafuta kidevuni kwa upande wa nguo yake. Alipomaliza alipita mbele ya Zubeiri na sinia tupu. Hakumtazama hata usoni.

Kesho yake Zubeiri aliandika barua kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa bwana wa kambi, akaeleza kwamba watu wale walikamatwa katika ibada. Akafungasha maharage na chumvi, akachukua fimbo. Mwaja hakumzuia. Njia ambayo wengine huimaliza kwa siku moja ilimchukua tatu.

Kambini hawakumpeleka kwa bwana yeyote. Karani mmoja aliipokea barua, akaigeuza juu chini, akasema hapa hakuna asomaye hayo, akamrudishia. Watu kumi na wawili wa Nkwenda walikuwa wameshapelekwa mbele. Waliobaki walikuwa ndani ya ua wa miiba, na askari wa mlangoni, mmoja wa wale walioswali safu ya nyuma, akageuza uso pembeni ili Zubeiri ausogelee ua.

Shaaban alikuja. Kanzu walikuwa wamemvua, na bega moja lilikuwa limeshaanza kuchubuka. Zubeiri alimpitishia maharage kwenye miiba.

"Asia hajambo?" Shaaban aliuliza.

"Hajambo. Na mtoto hajambo."

"Mwambie mbuzi jike asimuuze. Ana mimba yule. Na ule mgomba uliolala nyuma ya nyumba auwekee mti."

"Nitamwambia."

Nyuma ya ua watu walikuwa wanaitwa kwa namba.

"Mwalimu, ulijua?"

"Wallahi, sikujua." Hapo Zubeiri aliona hajamaliza kusema kweli. "Wakati wa dua niliwaona. Nilikuwa nimeshawaona, nikaendelea kusoma."

Shaaban aliyafumbata yale maharage. "Na mimi nilikuwa naitikia amina," akasema. Wala hakusema kwa lawama. Namba yake ikaitwa, akaenda.

Zubeiri alirudi Nkwenda, akampelekea Asia habari za mbuzi na za mgomba. Asia alisimamisha mti kwenye mgomba siku ileile.

Idi ya kuchinja ilikuja, ikapita, uwanja ukaota majani. Wazee wanne walipungua wakawa wawili. Mwaka uliofuata Mdachi akakimbia, Mwingereza akashika nchi, na watu wakaanza kurudi, si kwa pamoja bali kama maji yanavyovuja, huyu leo, huyu baada ya miezi miwili. Katika ishirini na wanne walirudi tisa. Zubeiri alikwenda kwa kila mmoja kumpa mkono. Walimpokea kwa adabu, wakampa kigoda. Alipowatajia swala ya Ijumaa, mmoja akamjibu kwa niaba ya wote: "Mungu tunaye, mwalimu. Uwanja wako ndio hatuutaki."

Shaaban hakuwamo katika tisa. Mtu aliyebeba mzigo pamoja naye alisema alimwona mara ya mwisho kando ya njia, mbali sana, nchi ya maji mengi, anahara damu. Walimwegemeza kwenye kichuguu wakampa maji, wakaamriwa kwenda. Alikuwa hai? Alikuwa hai. Alisema neno? Hakusema. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua.

Asia alikuja dukani wiki ile, mchana, binti yake sasa anatembea. Alikaa barazani, akaamkia, akaitikiwa, kisha akauliza.

"Mwalimu, mimi ni mjane au ni mke wa mtu?"

Zubeiri aliliogopa swali hili tangu aliposikia habari za kichuguu. Alikumbuka kwa mbali baba yake akiongea na Waarabu wa Kafuro juu ya mtu aliyepotea njia ya Tabora. Mmoja alisema mke husubiri miaka minne. Mwingine alisema husubiri mpaka watu wa rika la mumewe wafe wote. Hakukumbuka walikubaliana lipi, wala kama walikubaliana.

"Nitaandika Bukoba kwa sheikh," akasema.

Akaandika. Barua ilikwenda na wabeba chumvi. Miezi mitatu haikuwa na jibu. Akaandika ya pili, na aliyeipeleka akarudi nayo akisema yule sheikh ameondoka na vita, haijulikani kama yuko pwani au yuko kaburini.

Asia alipokuja tena, alimkuta Zubeiri ameziweka barua mbili mbele yake.

"Hakuna jibu," akasema.

"Nisubiri?"

"Subiri."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Asia. Mimi sijui. Sikuwahi kujua mengi."

Mwaja alitoka ndani akakaa karibu na Asia, mabega yao yakagusana.

"Baba yangu anasema tuzike shina la mgomba badala ya mtu, mambo yaishe, niolewe," Asia akasema. "Mimi dini yenu niliiingia kwa ajili ya Shaaban. Nataka nimalize kwa dini yake." Aliongea taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima. "Basi nitakaa eda kuanzia leo. Miezi minne na siku kumi, Mama Adija ameshanifundisha. Kama yuko hai na nimekosea, dhambi hiyo iandikwe kwako, mwalimu. Si kwangu."

Njiani watu walipita na mikungu ya ndizi kichwani, wakasalimu, hakuna aliyeitikia.

"Iandikwe kwangu," Zubeiri akasema.

Mwaja akamshika Asia mkono, akampeleka ndani pamoja na mtoto. Zubeiri alisimama, akashusha kutoka rafu ya juu jora la kaniki, nguo nyeusi ya mwanamke wa eda, akalilaza mezani na kupima mikono minane. Mkasi ulikuwa butu. Ilibidi akate sehemu, nyingine aichane kwa mikono.